Kwanini mwembe mmoja unampumzisha huyu halafu yule anarudi na uchovu wake? Wadau wa Tabora na Kigoma njooni

MTUNDU MWEKUNDU

Wakuu habari za jioni. Nipo Tabora mjini hapa, kazi zangu za kukaa kwenye kompyuta kutwa kupiga mahesabu, na mji wetu mnaujua, miembe kila kona, mingine mikubwa hadi wazee wanasema ni ya tangu enzi za misafara iliyokuwa inapita hapa kwenda Ujiji na kurudi pwani. Kazini kwetu saa saba tunatoka kundi zima tunakaa chini ya mwembe mmoja, benchi moja, karanga tunanunua kwa mama yuleyule. Sasa kuna jamaa akirudi ndani unaona kabisa kichwa kimetulia, anamaliza kazi iliyomshinda asubuhi. Na kuna mwingine anarudi na ndita zake zilezile, tena kama zimeongezeka. Nikaanza kuchimba.

Habari ya miti kumpumzisha mtu wazungu wameichunguza siku nyingi. Mwaka 1984 Mmarekani mmoja, Roger Ulrich, alichapisha utafiti ambao mpaka leo unatajwa kila mahali. Alichukua mafaili ya wagonjwa wa hospitali moja huko Pennsylvania waliokuwa wametolewa kifuko cha nyongo kati ya 1972 na 1981, akapata jozi 23 za watu wanaofanana umri, jinsia na mambo mengine, ila mmoja dirisha lake linaangalia miti na mwenzake linaangalia ukuta wa matofali. Wa miti walikaa wodini wastani wa siku 7.96, wa ukuta 8.70, na wa miti walitumia dozi chache za dawa kali za maumivu. Tofauti siyo kubwa ya kutisha lakini ipo, na ni dirisha tu jamani.

Halafu kuna mtu na mkewe, Stephen na Rachel Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan, kwenye kitabu chao cha 1989 wakasema akili ina umakini wa aina mbili. Kuna ule wa kujilazimisha, unapokagua risiti au unaendesha gari usiku, huo unachoka. Na kuna ule unaovutwa wenyewe bila nguvu, majani yanacheza na upepo, ndege anajenga, mawingu yanapita. Ukiwa kwenye huo wa pili ule wa kwanza unapata nafasi ya kupumua. Ndiyo maana wanasema TV haikupumzishi sawasawa, yenyewe inakukamata kwa nguvu mno, haikuachii nafasi ya kuwaza.

Ila hayo yote yanasema mti unapumzisha, hayasemi kwanini yule jamaa wa ndita haumpumzishi. Hapo ndiyo nikakutana na jambo wanaloliita kujihisi umeungana na maumbile. Yaani siyo umekaa karibu na miti kiasi gani, ni unajihisi kiasi gani kwamba wewe na hivyo vitu ni wa ukoo mmoja. Kuna vipimo kabisa, Mayer na Frantz walitoa chao 2004, wengine wakatoa vyao baadaye. Na tafiti kadhaa zimeona wenye hisia hiyo kubwa wananufaika zaidi na bustani ileile, muda uleule, ingawa hata wasio nayo hawatoki mikono mitupu.

Hoja yangu naiweka wazi: tunahesabu miti tu, mji una miti mingapi, tumepanda mingapi, na hatuangalii mtu na mti wanajuana vipi. Naomba mawazo.

DOGO WA IPULI

Mkuu uzi mrefu kama treni ya mizigo lakini nimemaliza. Kweli mimi nikikaa kivulini mkono unaenda kwenye simu wenyewe, nusu saa inaisha nimeangalia watu wanagombana mtandaoni, narudi nimechoka kuliko nilivyotoka. Sasa hapo mwembe unahusikaje?

MTUNDU MWEKUNDU

Dogo umenichora yule mwenzangu wa ndita hahaha. Hapo mwembe unakupa kivuli tu, umakini wako uko kwenye ugomvi wa watu.

MJUBA WA NZEGA

Mleta mada heshima yako ila haya ni mambo ya watu walioshiba. Bibi yangu kachanja kuni tangu ana miaka saba, anaujua msitu kuliko profesa yeyote wa Michigan, anajua uyoga wa kula na wa kuua, anajua mti gani moshi wake unaumiza macho. Mbona hajawahi kuniambia msitu unampumzisha? Anarudi mgongo umepinda. Na huku kwetu mkulima wa tumbaku anakata miti ya kukaushia, msimu ukiisha anahamia pori jingine, mkamweleze huyo habari ya kuungana na maumbile muone atakavyowajibu.

BINTI ISEVYA

Naunga mkono Mjuba. Na niongeze la sisi wanawake ambalo naona kaka zetu hamlioni. Mimi nakaa Isevya, napenda miti sana, nimekulia kwa babu kijijini huko Uyui, lakini siwezi kwenda kutembea porini peke yangu nikasema napumzika. Kila kichaka nakiangalia mara mbili. Nyoka ni hofu ndogo, hofu kubwa ni mtu. Hisia ya undugu na msitu ninayo kibao ila mwili wangu kule haukai sawa, masikio yamesimama muda wote.

MTUNDU MWEKUNDU

Dada hilo zito na lina utafiti wake pia. 2013 kuna watafiti wa Uingereza waliona kutembea sehemu yenye miti iliyobanana, huoni mbele, kona nyingi za mtu kujificha, hakumpumzishi mtu, na kunaweza kumwongezea stresi kabisa. Sehemu inayopumzisha ni ile unayoona mbali. Ndiyo maana hii miembe yetu ni dawa, chini peupe, juu kivuli, ukikaa unaona nani anakuja kutoka wapi.

Mjuba, la bibi nimelitafakari. Hao kina Kaplan wanasema ili sehemu ikupumzishe kuna masharti, mojawapo ni uwe umejitoa kwenye majukumu yako. Bibi akiingia msituni hajatoka kazini, ndiyo kaingia kazini. Msitu kwake ni ofisi. Hata mimi ukinipeleka kwenye jengo zuri la ghorofa lakini ndani kuna risiti za kukagua sitapumzika. Lakini muulize bibi swali jingine: akikaa mjini kwa shangazi yako wiki mbili anakuwaje?

MJUBA WA NZEGA

Hahahaha mkuu umenikamata. Hawezi. Siku ya nne anaanza kuuliza basi. Analalamika hewa, analalamika kelele, anasema huku jua halichomozi linatokea tu.

ASALI MBICHI

Wakuu nimepita nikaona tumbaku na kuni zimetajwa ila asali haijatajwa, Tabora hii hii. Mimi nafuga nyuki, mizinga yangu iko upande wa Sikonge, mingi ya magome na michache ya kisasa. Msimu wa kurina tunaweka kambi porini siku nyingi, tunalala huko, tunakula ugali na asali na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Kazi ni ngumu msidanganyike, kupanda mti usiku na moshi mkononi, unaumwa, mbung'o mchana hawakuachi, miguu inachubuka. Kwa maelezo ya mleta mada mimi nisingepumzika kabisa kwa sababu niko kazini, sivyo?

Lakini napumzika. Nikirudi nyumbani mwili umekufa kichwa ni kipya. Mke wangu ananiambia ukitoka kambini unaongea taratibu. Nimejiuliza kwanini na nadhani ni hivi: kazi ya nyuki huifanyi kwa haraka. Huwezi kumlazimisha nyuki. Ukifika chini ya mti kwanza unasimama unasikiliza, mzinga ukiwa shwari una sauti moja nene inayotulia, ukiwakera kidogo sauti inapanda juu inakuwa nyembamba, hapo unarudi nyuma unasubiri. Kutwa nzima masikio na pua ndiyo vinafanya kazi. Mitundu, ile miti ya porini, ikichanua unasikia harufu kabla hujaona ua. Mkata kuni anatafuta mti mkavu akate aondoke, mimi natakiwa mti uendelee kuishi. Labda tofauti iko hapo.

MTUNDU MWEKUNDU

Asali Mbichi umenipa kitu ambacho mimi nilikisoma tu, wewe unakiishi. Chuo Kikuu cha Derby Uingereza wana kundi lao chini ya Miles Richardson linalochunguza jambo hili tu, na 2017 walitoa njia tano zinazomjengea mtu hisia ya kuungana na maumbile: milango ya fahamu, hisia za moyoni, uzuri, maana, na huruma ya kutaka kukilinda kile kitu. Na walichogundua kingine ni kwamba kujua majina ya mimea na wadudu peke yake hakujengi huo undugu. Yaani mtu anaweza kukutajia miti mia kwa majina ya kitaalamu na bado moyoni hamna kitu. Wewe masikio yapo, pua ipo, na unataka mti uishi. Tano zote umezigusa ukiwa unatafuta hela ya ada.

NESI WA ZAMU YA USIKU

Nimesoma habari ya Ulrich nikacheka maana mimi niko wodini. Sitaji hospitali. Wodi yetu upande mmoja madirisha yanaangalia ukuta wa stoo, upande mwingine yanaangalia mwarobaini na uwanja kidogo. Sina takwimu za nani anatoka mapema, sitawadanganya, wagonjwa wanatofautiana magonjwa. Ila nitawaambia ninachokiona. Kulikuwa na mzee kaletwa kutoka kijijini, kila zamu ananiomba, mwanangu nisogezeeni kitanda pale, anataka kuuona ule mwarobaini. Kitanda cha pale alikuwa kijana wa mjini, yeye shida yake ni swichi ya kuchajia simu na swichi iko upande wa ukuta. Tukabadilisha, kila mtu akafurahi. Mzee asubuhi ananipa ripoti, leo kunguru wamekuja wengi, leo jua limechelewa kufika kwenye lile tawi. Yule kijana kabla hatujambadilisha alikuwa analala dirisha la miti na sidhani kama alijua pale nje kuna mti.

Kwa hiyo nakubaliana na mleta mada nusu. Dirisha ni lilelile. Lakini naogopa tusije tukafika mahali pa kusema basi vijana wasiojali miti tuwape ukuta. Labda yule kijana na yeye ulimsaidia bila kujua.

MWALIMU WA TAKWIMU

Hapo Nesi kasema jambo la msingi na mimi ningependa tusiendeshwe na shauku. Tatizo la tafiti nyingi za namna hii ni kuku na yai. Anayependa miti ndiye anayeenda kwenye miti, ndiye anayesema imenipumzisha, na fomu ya kujaza kajaza yeye mwenyewe. Je, undugu unaleta faida, au faida ndiyo inaleta undugu?

Kuna utafiti wa 2009 wa huyohuyo Mayer na wenzake uliojaribu kujibu. Waliwapeleka watu kutembea kwenye maumbile na wengine mjini, na kwenye majaribio mengine wakalinganisha waliokwenda kweli na walioangalia video ya maumbile. Waliokwenda kweli walirudi na hali nzuri zaidi na pia walirudi na hisia kubwa zaidi ya kuungana na maumbile, na hiyo hisia ikaelezea sehemu ya ile faida. Kwa hiyo siyo kitu cha kuzaliwa nacho tu, kinapanda hata kwa matembezi mafupi. Hapo mleta mada anapata pointi.

Ninaoupenda zaidi ni wa 2011, Nisbet na Zelenski pale chuo cha Carleton, Ottawa, Kanada. Kile chuo kina mahandaki ya kupita watu chini ya ardhi kwa sababu ya baridi yao. Wakawatuma wanafunzi, kundi moja lipite nje kwenye miti, jingine lipite handakini. Kabla ya kwenda watu walikisia watajisikiaje. Waliopita nje walifurahi kuliko walivyokisia wenyewe. Yaani binadamu anaidharau raha ya nje kabla hajatoka. Na wanasema asiye na huo undugu hatoki, na asiyetoka haupati. Ni duara.

DOGO WA IPULI

Mwalimu sasa duara linakatwa wapi? Maana mimi niko ndani ya duara.

MWALIMU WA TAKWIMU

Kwa kutoka kijana. Hakuna hesabu hapo.

MGEBUKA WA KIBIRIZI

Kigoma tumefika, mlituita kwenye kichwa cha uzi halafu mnaongea Tabora tu. Sisi kwetu bustani ni ziwa. Jioni pale Kibirizi mitumbwi inajiandaa kutoka, jua linazama upande wa Kongo, watu wanakaa tu wanaangalia maji, hakuna kiingilio. Ukiniuliza mimi, Tanganyika inapumzisha kuliko msitu wowote, na huko nje hata bahari na mito nayo wanaichunguza kama miti.

Lakini nina la kuwavuruga. Mimi ni mtoto wa mvuvi. Hilo ziwa nalijua kwa harufu, upepo ukigeuka nasikia kwenye ngozi kabla maji hayajabadilika rangi. Undugu nao upo, tena wa damu. Ila mjomba wangu alikwenda kuvua dagaa usiku hakurudi. Tangu siku hiyo mama yangu hawezi kukaa ufukweni. Anaishi hatua chache kutoka majini na kiti chake kakigeuza, mgongo upande wa ziwa. Huwezi kusema mama hajaungana na ziwa. Kaungana nalo sana, ndiyo maana linamuumiza. Hizo fomu za maswali zinampa maksi ngapi mtu kama huyo?

MTUNDU MWEKUNDU

Mgebuka pole sana kaka, na pole kwa mama. Sina jibu la haraka. Nadhani hapo ndiyo hoja yangu inabidi niikaze: undugu unakufungulia mlango, lakini kinachokuja kupitia huo mlango siyo raha peke yake. Asiyejali ziwa halimpumzishi na wala halimuumizi. Wanaopima hivi vitu wanapenda kuongelea upande mmoja.

BINTI ISEVYA

Na ukikata mwembe aliokulia mtu ndiyo utajua. Kuna ofisi moja hapa mjini, siitaji, walikata miti ya uani wapate maegesho ya magari. Wafanyakazi wengine hawakusema kitu, walifurahia maegesho. Dada mmoja wa usafi alilia kabisa. Yeye ndiye alikuwa anafagia yale majani kila siku, ungedhani angeshukuru.

MGEBUKA WA KIBIRIZI

Nilisahau jingine, maana mtu wa Kigoma hawezi kuongea habari ya maumbile asimtaje Jane Goodall. Alifika Gombe Julai 1960, binti wa Kiingereza hana hata digrii, amekaa milimani anaangalia sokwe miezi na miezi mpaka wakamzoea. Huyo bibi ndiye mfano wa mtu aliyeungana na maumbile. Lakini sikilizeni, miaka ya mwanzo ya 90 akipita na ndege juu akaona milima kuzunguka hifadhi imebaki mitupu, watu wamekata kwa kuni na mashamba. Taasisi yake haikuja kutuhubiria upendo wa sokwe. 1994 wakaanzisha mradi wa TACARE, wakaanza na kuwauliza wanavijiji shida zao ni nini, afya, maji, shule, kilimo, miti ikafuata. Na kabla ya hapo, 1991, alishaanzisha Roots & Shoots, mpango wa vijana wa mazingira, Dar na wanafunzi 12, sasa iko nchi nyingi duniani. Alifariki Oktoba 2025. Mjuba aliposema haya ni mambo ya walioshiba, nadhani TACARE walishamwelewa miaka 30 nyuma.

MJUBA WA NZEGA

Hapo sasa tunaelewana. Mtu mwenye njaa usimuulize mti unamwambia nini.

ASALI MBICHI

Mjuba nusu tu. Mimi nimelala na njaa porini na bado nimeuona mtundu unatoa majani mapya mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua haijanyesha tone, mekundu kama shaba, pori zima limewaka na ardhi imekauka. Njaa haikunizuia kuona. Ila sitambishia mtu ambaye imemzuia.

MTUNDU MWEKUNDU

Jina langu la humu nimelitoa hapohapo mkuu.

Tufanye kajaribio. Mtafiti mmoja, Schultz, 2002 alitoa kipimo rahisi hakina maswali mengi. Duara mbili, moja imeandikwa mimi, nyingine maumbile. Zinachorwa jozi 7. Namba 1 duara zimeachana kabisa, zinavyopanda zinaingiliana, namba 7 zimelaliana moja juu ya nyingine. Kila mtu aseme yeye ni ngapi. Mimi 5, na miaka ya nyuma nikiwa Dar ningesema 2.

BINTI ISEVYA
6. Ila usiku 3.

MJUBA WA NZEGA
4 mimi. Bibi nimempigia simu sasa hivi nikamweleza, kaniuliza kwanini duara ziwe mbili. Sijamuelewa, nyie mweke namba mnayotaka.

NESI WA ZAMU YA USIKU
Bibi kawamaliza. Mimi 4, na nikiwa zamu ya usiku mfululizo hata 1 sifiki.

MGEBUKA WA KIBIRIZI
7. Mama sijamuuliza na sitamuuliza.

MWALIMU WA TAKWIMU
3. Na msinitazame hivyo, mtu wa 3 pia ana haki ya kivuli.

DOGO WA IPULI
Mimi 2 lakini nina ripoti. Jana nimefanya alichosema Mwalimu, nimeacha simu kwa mangi nikaenda kukaa kwenye mwembe nyuma ya nyumba. Dakika kumi za kwanza ni mateso jamani, mkono unapapasa mfuko. Nikaanza kuangalia shina kwa sababu hakuna kingine. Kuna sisimizi wale wanaoitwa majimoto wanapanda na kushuka mstari mmoja, wanaopanda na wanaoshuka wakikutana wanagusana vichwa kidogo halafu kila mmoja anaendelea. Juu kidogo majani wameyakunja wameyashona kwa utando mweupe wamefanya nyumba, mmoja kabeba bawa la kumbikumbi kubwa kuliko yeye, anadondoka, anarudi, anadondoka. Nikakaa namwangalia huyo mmoja tu. Nilivyoshtuka adhana ya alasiri.

MTUNDU MWEKUNDU
Umepumzika?

DOGO WA IPULI
Nimeng'atwa shingoni, walikuwa wengine juu yangu sijawaona. Ila ndiyo, nimepumzika, sijui kama ni wao au ni simu kutokuwepo.

MWALIMU WA TAKWIMU
Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu. Kulijibu urudi siku nyingine na simu mfukoni imezimwa, halafu siku nyingine ukae ndani bila simu.

NESI WA ZAMU YA USIKU
Na muda nao jamani, watu wasidhani lazima uhamie porini. 2019 ulitoka utafiti wa Uingereza wa watu karibu elfu 20, waliokaa kwenye maumbile jumla ya dakika 120 au zaidi kwa wiki ndiyo waliosema wana afya na hali nzuri kuliko wasioenda kabisa, na haikujalisha ni mkupuo mmoja au vipande vipande. Saa mbili kwa wiki, benchi la mleta mada linatosha kabisa na chenji inabaki. Ila kama Mwalimu alivyosema, ni fomu za kujaza wenyewe, usije ukaacha dawa za presha ukakaa chini ya mti.

MTUNDU MWEKUNDU

Sawa kabisa. Kwa maoni yangu hapo kwenye hizo dakika 120 ndiyo tungeanza na watoto. Siku ya kupanda miti shuleni mnajua inavyokuwa, mgeni rasmi, picha, mtoto anapanda mche kisha hauoni tena mpaka ukauke. Huyo kahudhuria sherehe. Mpe mtoto mti mmoja uwe wake, aumwagilie, aulinde na mbuzi, auone unatoa jani. Mimi nina ndugu anafundisha msingi, anataka kuanza na darasa moja na anataka mti wa kwetu, siyo msonobari. Asali Mbichi unashauri nini?

ASALI MBICHI

Mti wa matunda wa pori ndiyo utawakamata watoto, ntalali au furu, mtoto hawezi kusahau mti anaousubiri uive. Kama anataka mninga awe na moyo. Tunda lake lile la duara lenye bawa pembeni na miba katikati, mbegu imo ndani, kuitoa ni kazi, vidole vinachomwa. Ikiota, mwaka wa kwanza kiangazi kikifika kile kishina kinakauka kinakufa chote juu, watoto watalia. Mizizi chini iko hai. Mvua zikirudi kinachipua, kiangazi kinakufa tena, inaweza kwenda hivyo miaka kadhaa mpaka mzizi ushibe ndiyo shina lisimame moja kwa moja. Mwambie mwalimu aweke kijiti cha alama pale, na mfagiaji aambiwe mapema, maana wengi wanang'oa wakidhani umekufa. Na moto usipite.

BINTI ISEVYA
Ntalali mnapata wapi mbegu? Uyui kwa babu ilikuwepo mingi, siku hizi siioni.

ASALI MBICHI
Ipo dada, ukienda upande wangu. Zikiiva nitakusanya. Njoo inboksi unipe namba ya huyo mwalimu, na wewe Dogo njoo, nahitaji mtu wa kushika ngazi kambini mwezi ujao. Simu huko haishiki mtandao.

DOGO WA IPULI
Mkuu malipo ni hela au asali?